Meko, Kaburi na Jina la Mahali: Lugha na Maisha ya Kila Siku katika Fasihi ya Ayalandi

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili alikutana na Ayalandi zamani, ingawa hakuambiwa kuwa amekutana nayo. Safari za Gulliver, tafsiri iliyowafikia wasomaji wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, chanzo chake ni kazi ya Jonathan Swift, aliyezaliwa Dublin mwaka 1667 na kufia huko huko mwaka 1745. Hali kadhalika, majina ya W. B. Yeats, George Bernard Shaw, James Joyce na Samuel Beckett yamezoeleka katika idara za fasihi, lakini aghalabu hutiwa katika kapu moja la fasihi ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba historia iliyowalea watunzi hao husahaulika, na fasihi iliyoandikwa kwa Kiayalandi, lugha ya jamii ya Kikelti isiyoeleweka kamwe na anayejua Kiingereza pekee, hubaki nje kabisa ya uwanja wa uhakiki.

Makala haya yanadhamiria kuitambulisha Ayalandi kwa kupitia kazi tano: Riders to the Sea (1904) ya J. M. Synge, An tOileánach (1929) ya Tomás Ó Criomhthain, An Béal Bocht (1941) ya Brian O'Nolan, Cré na Cille (1949) ya Máirtín Ó Cadhain na Translations (1980) ya Brian Friel. Ya kwanza na ya mwisho ni tamthilia zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tatu za katikati ziliandikwa kwa Kiayalandi. Hoja inayojengwa ni kwamba swali la lugha nchini humo liliamuliwa katika maisha ya kila siku: mekoni, shambani, shuleni na gatini. Aidha, itabainika kuwa kazi iliyofaulu kupita nyingine ni ile iliyoiacha lugha ifanye shughuli zake ndogo ndogo za kugombana, kudai madeni na kusengenya, bila kuivisha joho la taifa.

Usuli wa Kihistoria

Ayalandi ilivamiwa na majeshi ya Wanormani kutoka Uingereza mwaka 1169, lakini utawala uliogusa mzizi wa jamii ulikuja katika karne za 16 na 17. Ardhi ilinyang'anywa wenyeji Wakatoliki na kugawiwa walowezi Waprotestanti, hasa katika jimbo la kaskazini la Ulster kuanzia mwaka 1609. Kuanzia miaka ya 1690 zikatungwa sheria kali zilizomzuia Mkatoliki kununua ardhi, kushika nyadhifa za umma na kuendesha shule. Wazazi walijibu kwa kuwapeleka watoto wao katika shule za siri, zilizofanyiwa vichakani, vibandani na ghalani, ambako mwalimu alilipwa kwa pesa kidogo au kwa chakula.

Pigo kubwa zaidi liliangukia chakula chenyewe. Kufikia mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na maskini wa vijijini walitegemea viazi na maziwa karibu peke yake, kwani kipande cha ardhi walichokodi hakikutosha zao jingine. Mwaka 1845 viazi vilishambuliwa na ugonjwa wa ukungu. Baa la njaa lililofuata hadi mwaka 1852 liliua takriban watu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao kwenda Marekani. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza katika miaka hiyo hiyo. Waliokufa na waliohama walikuwa kwa sehemu kubwa wasemaji wa Kiayalandi wa magharibi na kusini. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu wasemaji takriban milioni 1.5, kufikia mwaka 1911 walikuwa wamepungua hadi chini ya 600,000.

Shule za serikali zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Baadhi ya watoto walivishwa kijiti shingoni na kila neno la Kiayalandi likatiwa alama juu yake, ili adhabu ihesabiwe jioni. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana hapa. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia kifaa cha namna hiyo kilichopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto katika shule za ukoloni. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo ni chungu zaidi katika mfano wa Ayalandi: mara nyingine mwenye kukata alama kwenye kijiti alikuwa mzazi mwenyewe. Alikuwa amekwisha kung'amua kwamba mwanawe atahama, na kwamba Kiingereza ndicho nauli.

Harakati za kuirudisha lugha zilipata chombo mwaka 1893, Douglas Hyde na Eoin MacNeill walipoanzisha chama cha Conradh na Gaeilge. Mshairi na mwalimu Patrick Pearse, aliyeandika kwa Kiayalandi, aliongoza maasi ya Pasaka ya mwaka 1916 na akapigwa risasi na Waingereza. Mkataba wa mwaka 1921 ulizaa dola jipya katika sehemu kubwa ya kisiwa, huku Ayalandi ya Kaskazini ikibaki chini ya Uingereza. Mgogoro wa sehemu hiyo ya pili, uliolipuka upya mwishoni mwa miaka ya 1960, ulitafutiwa suluhu katika makubaliano ya Aprili 1998. Katiba ya mwaka 1937 iliitangaza lugha ya Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Hyde akawa rais wa kwanza mwaka 1938. Kwa maneno mengine, lugha ilikuwa imeshinda kila kitu isipokuwa nyumba za watu.

Meko Yanapogeuzwa Nembo

Wapenzi wa lugha walipouliza Kiayalandi halisi kilibaki wapi, waliambiwa kiko magharibi: katika visiwa na pwani za mawe, ambako nyumba zilikuwa chache na za kuezekwa kwa nyasi, na moto wa mekoni uliwashwa kwa mboji, udongo mweusi uliokatwa kwenye vinamasi na kuanikwa hadi ukawaka kama kuni. Synge, mwana wa tabaka la juu la Waprotestanti wa Dublin, alivitembelea visiwa vya Aran mara kadhaa kuanzia mwaka 1898 ili kujifunza lugha. Riders to the Sea ni tunda la safari hizo. Mhusika mkuu, bibi kizee Maurya, amepokonywa na bahari mume na wanawe, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwana wa mwisho naye huzama.

Kinachoipa tamthilia hiyo uzito ni vitu vidogo. Mabinti wawili wanautambua mwili wa ndugu yao uliookotwa mbali kwa kuhesabu mishono ya soksi ambayo mmoja wao aliifuma. Ubao mweupe ulionunuliwa kwa jeneza la mwana mmoja unatumika kwa mwingine. Mbolezi za wanawake wanaoingia wakiwa wamejifunika nguo kichwani zinatokana na utanzu wa kale wa jamii hiyo, ambao kilele chake ni mbolezi ya Eibhlín Dubh Ní Chonaill kwa mumewe Art Ó Laoghaire, aliyeuawa mwaka 1773. Lakini Synge aliandika kwa Kiingereza kilichofinyangwa kwa sintaksia ya Kiayalandi. Huzuni ya Maurya ni ya kweli. Lugha yake imekwisha kuvuka ng'ambo.

Ó Criomhthain, mvuvi wa kisiwa cha Blasket Kubwa, alijibu kutoka ndani. Alijifunza kuiandika lugha yake akiwa mtu mzima, na rafiki yake msomi, Brian Ó Ceallaigh, alimsomea kazi za Maxim Gorky ili kumthibitishia kuwa maisha ya mtu wa kawaida yanafaa kuandikwa. An tOileánach, yaani mtu wa kisiwani, ni tawasifu ya kukata mboji, kuwinda sili, kukwepa mtoza kodi, kuoza kwa posa na kuzika watoto. Usimulizi wake ni mkavu. Kifo hutajwa kwa sentensi chache, kisha mashua husukumwa tena majini. Ukavu huo ndio unaomgusa msomaji, kwani unadhihirisha jamii ambayo haikupata nafasi ya kujihurumia.

Tatizo halimo katika kitabu bali katika matumizi yake. Dola lililohitaji mashujaa wa lugha lilikitwaa kitabu hiki, pamoja na Peig (1936), kumbukumbu ambazo Peig Sayers, fanani mashuhuri wa kisiwa hicho hicho, alimsimulia mwanawe azinakili. Peig kiliwekwa katika silabasi ya shule za upili kwa miongo kadhaa. Fanani aliyesifika kwa ucheshi na ngano nyingi akageuka kuwa, machoni pa vijana wa mijini, ajuza wa kuomboleza na somo la kukariri. Hadi mwaka 1973 mwanafunzi aliyefeli Kiayalandi hakupata cheti cha kumaliza shule, hata angefaulu masomo mengine yote. Wakati huo huo wenye kitabu walikuwa wakitoweka: Blasket Kubwa ilihamwa mwaka 1953, wakazi wake wa mwisho wakipelekwa bara kwa kuwa hapakuwa na daktari, na vijana walikuwa wamekwisha kwenda Marekani. Usiku wa kumuaga mhamaji ulifanywa kama mkesha wa matanga, kwa chai, nyimbo na kilio, maana wazazi wengi hawakutarajia kumwona tena. Taifa lilihifadhi sauti ya meko na kuacha meko yazimike.

Tashtiti ya An Béal Bocht

Aliyeutambua unafiki huo mapema alikuwa Brian O'Nolan, mtumishi wa serikali jijini Dublin aliyelelewa katika nyumba iliyosema Kiayalandi. Akitumia jina la Myles na gCopaleen, aliandika riwaya ambayo jina lake hurejelea tabia ya kutangaza ufukara ili kuvuna huruma. Hadithi inafanyika Corca Dorcha, kijiji ambako mvua hainyamazi, watu hula viazi asubuhi na jioni, na kila mmoja hujua kwamba mateso yake yamekwisha kuandikwa katika vitabu vizuri, hivyo hana budi kuyaishi.

Tashtiti yake ina shabaha mbili. Ya kwanza ni shule ya Kiingereza: siku ya kwanza darasani, mwalimu anamwuliza kila mtoto jina, anampiga kichwani, na kumwambia kwamba jina lake ni Jams O'Donnell. Darasa zima linatoka na jina moja la kigeni. Shabaha ya pili ni wapenzi wa lugha wenyewe. Wageni kutoka Dublin wanaandaa tamasha ambamo kila hotuba, iliyotolewa kwa Kiayalandi, inahusu Kiayalandi tu; wanakijiji wenye njaa wanazimia na baadhi yao kufa wakisikiliza. Mtafiti mmoja anarekodi mkoromo wa nguruwe gizani, akidhani amepata lahaja safi kabisa, na anapata sifa za kitaaluma kwa ugunduzi huo.

Kinaya hicho hakikumlenga Ó Criomhthain, ambaye O'Nolan alimheshimu sana. Kililenga msomaji aliyempenda mnyonge akiwa mnyonge, na aliyeipenda lugha mradi ibaki kinywani mwa mtu asiye na viatu. Kwa wanafasihi simulizi wanaokwenda nyanjani na vinasa sauti, nguruwe wa O'Nolan bado anakoroma.

Kaburi Linalosema

Ó Cadhain alizaliwa mwaka 1906 katika eneo la Cois Fharraige, magharibi mwa mji wa Galway, ambako Kiayalandi kilikuwa lugha ya kila jambo. Mwalimu wa shule na mwanaharakati wa jeshi la siri la IRA, alizuiliwa bila kufikishwa mahakamani katika kambi ya Curragh wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Cré na Cille, yaani udongo wa makaburini, ni riwaya ambayo wahusika wake wote wamekufa. Wamezikwa katika makaburi ya kijiji kimoja na wanaendelea kuzungumza. Hakuna maelezo ya msimulizi. Kuna sauti tu, zikikatizana, na msomaji humtambua msemaji kwa lawama anayoirudia.

Mhusika mkuu, Caitríona Pháidín, anafika kaburini akiwa na swali moja: amezikwa katika sehemu ya bei gani? Makaburi yamegawanywa kwa malipo, na kulazwa katika sehemu ya bei ya chini ni fedheha inayopita kifo. Anangoja msalaba wa jiwe zuri aliloahidiwa, na kila maiti mpya anahojiwa kama umesimamishwa. Chuki yake kuu ni kwa dada yake Nell, aliyeolewa na mwanamume ambaye Caitríona alimpenda, na ambaye huenda akarithi mali ya dada yao wa tatu aliye Marekani. Pembeni, mwalimu mkuu anagundua kuwa mjane wake ameolewa na tarishi wa posta. Marehemu wengine wanabishana juu ya vita vya Ulaya. Na rubani Mfaransa, aliyeanguka na ndege yake na kuzikwa humo, anajitahidi kujifunza lugha ya wenyeji.

Wahakiki wengine wanaweza kuisoma riwaya hii kama istiara ya lugha iliyokufa, kwamba wasemaji wake wako chini ya udongo. Usomaji huo una mashiko, lakini unakwepa jambo lililo dhahiri kwa kila anayezisikiliza sauti hizo. Lugha ya Cré na Cille ina afya kupita kiasi. Inatukana kwa ufasaha, inapiga mafumbo, inasingizia, inaapiza na kuhesabu shilingi. Hakuna hata mmoja anayeisifu kuwa ni ya taifa. Ó Cadhain hakuwapa wanakijiji wake utukufu, aliwapa ugomvi. Na ugomvi ndio ushahidi kwamba jamii ingali na jambo la kuambiana. Kwa kuchagua usengenyaji kuwa fani, mtunzi alipata kipimo cha uhai wa lugha kilicho makini kuliko kifungu chochote cha katiba.

Udhaifu wa njia hiyo nao usifichwe. Wingi wa lahaja na wa matusi uliifanya riwaya iwe ngumu kufasiriwa. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa, ya Alan Titley, ilitoka mwaka 2015, miaka 45 baada ya kifo cha mtunzi. Aliyeikita lugha katika kijiji kimoja alilipa gharama ya kusomwa na wachache. Hata hivyo, ni vigumu kuona ni kwa njia gani nyingine Caitríona angeweza kuwa hai hivyo.

Majina ya Mahali

Friel, mwandishi kutoka kaskazini, aliirudisha hadhira yake mwaka 1833. Translations ilioneshwa kwa mara ya kwanza jijini Derry, Septemba 1980, wakati mji huo ulipokuwa ukilindwa na askari wa Uingereza. Mandhari yake ni shule ya ghalani katika kijiji cha Baile Beag, ambako mwalimu Hugh anafundisha Kilatini na Kigiriki. Wanajeshi wa upimaji wa ramani wamefika, na Owen, mwana wa Hugh, ameajiriwa kuwasaidia kuyageuza majina ya mahali yawe ya Kiingereza. Kila jina linalogeuzwa lina kisa chake, na Owen ndiye pekee anayekikumbuka anapokifuta.

Mbinu ya Friel ni ya kijasiri: wahusika wa lugha mbili wasioelewana wote husema Kiingereza jukwaani, na hadhira hulazimika kukumbuka ni nani anasema lugha ipi. Katika onyesho la mapenzi kati ya Maire na luteni Yolland, wawili hao hawaelewani neno, isipokuwa majina ya mahali wanayotajiana kama mashairi. Yolland anapotoweka, kapteni anatishia kuvibomoa vijiji, akivitaja kwa majina mapya, na Owen analazimika kuyarudisha majina ya zamani ili watu wajue ni kwao. Kejeli ya onyesho hilo ni kali, kwani lugha ya kale inapata kazi rasmi siku ya kubomolewa kwake.

Hata hivyo Friel hamwekei adui lawama zote. Maire anataka Kiingereza kwa sababu anataka kwenda Marekani, na harufu tamu ya viazi vinavyooza, ambayo wanakijiji wanaihofia, inaashiria njaa ya mwaka 1845. Hugh mwenyewe anakubali mwishoni kumfundisha. Tamthilia inayolilia Kiayalandi haikuwezekana kuandikwa kwa Kiayalandi na bado ikaeleweka na wengi wa wajukuu wa wahusika wake. Mshairi Michael Hartnett alijaribu njia nyingine: katika A Farewell to English (1975) aliaga Kiingereza, miaka michache tu kabla ya Ngũgĩ kugeukia Gĩkũyũ katika riwaya zake. Lakini mwaka 1985 alikirudia Kiingereza. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa na mamilioni ya wasemaji nyuma yake. Hartnett alikuwa na wasomaji wachache na dhamiri.

Hitimisho

Sensa ya mwaka 2022 katika Jamhuri ya Ayalandi ilionyesha kuwa watu karibu milioni 1.9, yaani asilimia 40, walidai kujua Kiayalandi. Walioitumia lugha hiyo kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Tofauti ya takwimu hizi mbili ndiyo tofauti kati ya nembo na meko. Lugha inayojulikana na wengi na kutumiwa na wachache inaweza kuimbwa na kutahiniwa. Ni nadra mtoto kukemewa kwayo anapomwaga maziwa.

Somo hili linavutia kulihamishia Kenya kwa pupa, na Kiswahili kikawekwa mahali pa Kiayalandi, kikidhulumiwa na Kiingereza. Ulinganisho huo una ukweli nusu. Kiswahili kilikuwa na soko, matatu na kijiwe muda mrefu kabla ya Katiba ya mwaka 2010 kukifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kilichokosa ni ofisi, wala si meko. Lakini iko nusu ya pili, isiyopendeza sana kutajwa katika idara za Kiswahili. Kandokando ya Ziwa Turkana, lugha ya Waelmolo imetoweka, na nafasi yake kutwaliwa na Kisamburu. Mijini, mzazi anayeacha kumsemesha mwanawe lugha ya nyumbani ili apate Kiswahili na Kiingereza anafanya hesabu ile ile aliyoifanya mzazi wa Ayalandi mwenye kijiti. Kwa lugha ndogo, Kiswahili chaweza kuwa Kiayalandi leo na Kiingereza kesho.

Kwa hiyo uhakiki unaoitetea lugha kwa kuisifu tu hautoshi. Ó Cadhain anaonyesha kipimo kingine kinachoweza kutumiwa kwa riwaya ya Kiswahili na kwa masimulizi ya lugha nyingine za nchi: je, wahusika wanaitumia lugha kugombania mpaka wa shamba, bei ya jeneza na mume wa dada? Pale ambapo jibu ni ndiyo, lugha ingali na wenyewe. Pale ambapo wahusika huitumia kuisifu tu, huenda mtafiti amekwisha kuwasha kinasa sauti, na aliyemo gizani ni nguruwe.